Bosi Uliyetaka Kumuua Jumamosi

Bismillahi. Zainabu, binti yangu,

Jua bado halijazama. Umetoka kwenda kuwaaga wenzako upande wa pili wa kambi yetu ya polisi, na ninavyowajua, mtaongea mpaka chai ya watu iishe. Mama yako amekwisha kukuambia habari za pasipoti, za kutokula vya barabarani, za kuvaa soksi kwenye basi kwa sababu baridi ya Nairobi haina adabu. Kwa hayo sina la kuongeza. Mimi nina jambo moja tu. Nimelibeba miaka miwili na leo nalitua.

Unisamehe mwandiko. Mkono huu umezoea ripoti: saa fulani, mahali fulani, mtu fulani alionekana. Ukiona nimeanza kuandika kama askari, nivumilie, nitarudi njiani.

Jambo lenyewe ni hili. Siku ile Madamu Prossy alipokuachisha kazi kwenye duka lake la fotokopi kule Kansanga, hakupelekewa maneno na Sanyu, rafiki yako mliyefanya naye kazi. Sanyu hakusema neno lolote. Aliyekwenda kwa Madamu ni mimi, baba yako.

Haya, nimeliandika. Ngoja nipumue kidogo.

Ukitaka kukasirika, kasirika, ni haki yako. Lakini soma kwanza mpaka mwisho, maana najua katikati utacheka, na ukicheka mimi nitakuwa nimepata kitu.

Ilikuwa Alhamisi. Nilikuwa napiga pasi yunifomu juu ya kitanda chako. Unaijua nyumba yetu hii ya bati, hii tunayoiita mama ingia pole kwa sababu mlango wake unamwinamisha kila mtu, hata mkubwa wa kituo. Ni duara kama sufuria, na hakuna meza iliyowahi kukubali kukaa vizuri ukutani. Nilivuta blanketi lako nipate mahali pa kunyoosha suruali, karatasi ikaanguka. Karatasi ya daftari, mwandiko wako. Nikadhani ni orodha ya sokoni, nikasoma:

"Jumamosi tunamuua bosi. Maisha imebaki moja. Beka ataleta upanga, Nuru atashika mlango. Hapa hakuna kurudi nyuma."

Zainabu, mimi ni askari. Nilifundishwa kwamba mtu akiandika siku, silaha na wenzake, huyo hafanyi mzaha. Nikasimama na pasi mkononi mpaka nikasikia harufu ya kitambaa kinaungua. Lile doa kwenye goti la suruali yangu, mama yako analouliza kila mara, lilitoka hapo.

Na sababu yako ya kumuua bosi niliijua. Kila jioni ulikuwa unarudi ukivua viatu mlangoni na kusema, "Baba, bosi yule atanimaliza." Wiki ile ile alikutuma hospitali ya Mulago mara mbili kwa miguu na boksi la karatasi kichwani, kwa sababu daktari mmoja alikuta jina lake limeandikwa vibaya. Nikawaza: siku ipo, silaha ipo, sababu ipo. Beka simjui. Nuru simjui. Genge la watu watatu, na mmoja wao analala nyumbani kwangu. Hayo maneno "maisha imebaki moja" ndiyo yaliyonivunja kabisa. Nikaona mtoto wangu amekata tamaa, amehesabu maisha yake akaona ni hiyo moja tu, na yuko tayari kuitupa.

Nikatoa kitabu changu cha mfukoni, nikanakili kila neno. Ukurasa huo upo mpaka leo. Nimeandika saa, na mahali karatasi ilipopatikana: chini ya blanketi la mshukiwa.

Mshukiwa. Ndivyo nilivyokuandika, mwanangu.

Ningekungoja tu mpaka jioni. Ningekuambia, "Zai, njoo hapa, hii ni nini?" Ungenijibu kwa dakika moja na tungecheka mpaka jirani agonge bati. Nimejiuliza mara nyingi kwa nini sikufanya hivyo. Si kwamba nilikuwa na haraka. Niliogopa jibu. Mtu anayeogopa jibu la mtoto wake huenda kuuliza kwa watu wengine, na huko hapati jibu, anapata hasara tu.

Nikavaa suruali yenye doa nikaenda Kansanga. Wewe ulikuwa umetumwa, sikukukuta. Sanyu alikuwa nyuma, anabadilisha wino wa mashine. Madamu aliponiona na yunifomu akasimama.

"Afande, kuna shida?"

"Shida hakuna. Jumamosi usifungue duka."

"Nisifungue duka langu? Nani amekataza?"

Nikafungua kitabu nikamsomea. Nilisoma polepole, kama mahakamani. Akaniangalia, akaangalia ile mashine yenu ya kukatia karatasi, ile yenye kisu kirefu, akaibeba kwa mikono miwili akaisukuma chini ya meza.

"Zai huyu? Anayeninunulia maandazi asubuhi?"

"Huyo huyo."

"Banange," akasema, "na mimi nimekuwa nayala hayo maandazi!"

Nikamwomba asikuambie nilifika. Nikamwambia nitalishughulikia mwenyewe nyumbani, kimyakimya. Nilidhani nimewaokoa watu wawili, yeye na kaburi, wewe na jela. Nikaingia msikiti wa njiani nikaswali alasiri na kushukuru. Wallahi nilishukuru.

Jioni ile Madamu alikupigia simu kwamba usirudi tena. Hakutoa sababu, alisema tu hataki matatizo na mtu. Ulilia umekaa kwenye ndoo iliyopinduliwa pale nje, na kati ya kilio ukasema, "Ni Sanyu. Ni Sanyu tu aliyenichongea, tangu Madamu anipe funguo ana wivu." Mimi nilikuwa na kikombe mkononi. Nilisikia jina la mtu asiye na kosa likitajwa mlangoni kwangu, na nikaendelea kunywa chai.

Hapo ndipo kosa langu lilipo, Zainabu. La Alhamisi mchana lilikuwa ujinga, na ujinga Mungu anaujua. La jioni lilikuwa uongo, ingawa sikufungua mdomo.

Jumamosi sikuwa na zamu. Alasiri nilikuwa ndani natafuta kiatu, nikasikia wanawake wa kambi wanafika na viti vyao, siku yao ya kusukwa nywele kwako. Mimi Jumamosi zote huwa kazini, sikuwahi kujua kinachosemwa pale. Mke wa Okello akaanza, ile sauti yake inayopita bati kama mvua:

"Zai, usituzungushe. Leo tunamuua bosi au hatumuui?"

Nikaganda.

"Tunamuua. Nyoosha shingo, Mama Okello, mstari utapinda."

"Na Beka ana maisha ngapi?"

"Moja."

"Moja! Jumamosi ile alikuwa na tatu! Amezipeleka wapi?"

"Mbili zimekwenda kwa sababu alimdanganya Nuru."

"Mwanamume ni mwanamume," mama yako akasema, "hata ukimchora kwenye karatasi." Wakacheka wote.

Nilikaa kwenye kitanda na kiatu kimoja mguuni. Ukaanza kuwasimulia kile kitabu chako cha Kiingereza cha hadithi ya picha, na ile karatasi kumbe ilikuwa ya kukukumbusha ulipoishia. Macho yako yalikuwa bado yamevimba kwa ajili ya kazi, nilikuona asubuhi, lakini sauti yako haikuonyesha. Kijana, ndiye Beka, anaosha vyombo hotelini. Msichana, ndiye Nuru, anauza tiketi za treni. Wanakaa jengo moja, yeye chini kabisa, msichana juu kabisa, na lifti imekufa. Msichana amesahau mwavuli, na kijana anataka tu kuupeleka. Basi. Lakini kila ghorofa kuna jitu linalolinda ngazi, na jitu hilo watoto wa siku hizi wanaliita bosi, kama kwenye michezo ya simu. Ukipigwa, moyo mmoja mwekundu unazimika kwenye kona ya ukurasa. Ukishinda, sarafu zinanyesha. Na upanga wenyewe ni ule mwavuli, unapofunguliwa.

Kwa hiyo silaha niliyoiandika kwenye kitabu cha serikali ilikuwa mwavuli.

Nilisikiliza mpaka mwisho. Wale wanawake walimpa bosi wa ghorofa ya tano jina la mkubwa wetu wa kambi, jina nisiloweza kuliandika hapa kwa sababu bado nataka mshahara. Alipoanguka kwenye ngazi walipiga vigelegele, na askari wa getini akaja kuuliza kuna harusi ya nani. Mimi nilikuwa ndani nacheka na kutokwa na machozi, maana nilikuwa nimefarijika kuliko siku zote za maisha yangu. Mtoto wangu si muuaji. Mtoto wangu hajakata tamaa. Maisha moja ni ya Beka! Kisha nikakumbuka Madamu, nikamkumbuka Sanyu, nikakivua kile kiatu.

Ningetoka wakati ule ule. Mlango uko hatua tatu. Lakini ningetoka nikiwa nani, mbele ya wanawake wa kambi nzima? Nikasema kesho. Ukijiambia kesho, kesho yake unaliona jambo zito zaidi, na wewe nguvu ni zile zile.

Badala yake nilikiiba kile kitabu chako cha picha. Ndiyo, ni mimi, hakikupotea siku ile, nilikirudisha baada ya wiki. Nilikwenda nacho lindo, nimekifunga kwa gazeti. Kiingereza changu unakijua, ni cha barabarani: simama, fungua buti, endelea. Lakini kile kitabu hakikunihitaji nijue sana. Nilikuwa nafungua nikifikiri nitaona upuuzi wa kuwapotezea vijana muda, kama wahubiri wa pande zote mbili wanavyotuambia, wa msikitini na wa kanisani kwa mama yako. Nikakuta nimesahau hata kukagua gari moja.

Nikueleze kilichonishika. Si majitu. Majitu nimeyazoea, mengine ndiyo yanayotupangia zamu. Kilichonishika ni kwamba kijana yule anapambana na kitu chenye vichwa vitatu bila kutetemeka, halafu msichana anampigia simu pale kwenye ngazi, anamwuliza, "Umefika wapi?" naye anajibu, "Ghorofa ya sita," na yuko ya pili. Moyo unazimika. Hakuna jitu lililomgusa. Ukurasa ule hauna maneno mengine, ni mraba mmoja na simu na mkono. Niliuangalia sana. Nikasema, aliyechora huyu ananijua.

Kwa sababu hata mama yako nilimpata hivyo. Hujawahi kusikia hadithi hii yote. Mimi Muislamu wa Yumbe, yeye Mkatoliki wa Gulu, tulikutana kambini alipokuja kumtembelea kaka yake. Nilikuwa nimekaa porini na bunduki miezi mingi, mtu akinifyatulia risasi nalala chini na kujibu. Lakini kumwambia Adong kwamba nampenda, ulimi ulikufa. Nikamtuma rafiki yangu. Akarudi akaniambia, "Amesema, kama huyo bwana ana mdomo wa kula, ana mdomo wa kusema." Nikaenda. Nilisema nusu. Nusu nyingine, kwamba baba yangu hajui yeye ni wa dini gani, nilificha mwaka mzima. Baba alipojua hakukasirika kwa ajili ya dini. Alikasirika kwa ule mwaka. "Ulinifanya mgeni kwenye nyumba yangu," akaniambia. Ungedhani nilijifunza. Mwanamume anaweza kufundishwa somo moja mara tatu na bado akawa mwanafunzi mpya.

Na kitu kingine kuhusu kile kitabu, kwa nini nadhani nyinyi vijana mnakipenda hata mkisoma mara kumi. Beka akianguka, anasimama pale pale alipoangukia. Harudishwi chini kabisa kuanza upya kama mtoto, na hasamehewi bure. Anasimama kwenye ngazi ile ile, mbele ya jitu lile lile, ila sasa anajua mkono gani linatangulia kurusha. Kazi yangu haina hivyo. Risasi ikitoka hairudi. Nilijikuta mzee mzima lindoni nimefurahi kwa niaba ya mtu wa wino. Na ule mwisho, anapofika ghorofa ya saba na kukuta Nuru hayupo, kwa sababu Nuru alichoka kungoja akaanza kushuka upande wa pili akipigana na majitu yake mwenyewe, nilifunga kitabu nikatembea getini mara mbili. Sisi wa zamani tulimwacha mwanamke juu angoje. Ni vizuri mtu akashuka.

Najua ulipokosa kazi ndipo ulipoanza kuchora. Ulichora wale wanawake, vichwa vyao nusu vimesukwa, wakipigana na majitu kwa miko na ndoo. Rafiki yako wa chuo cha Kyambogo akazipeleka picha kwenye simu za watu, na leo kampuni ya Nairobi inakuita ukawachoree michezo ya simu. Watu wanasema, kumbe kufukuzwa kulikuwa heri. Mama yako amesema. Wewe mwenyewe umesema juzi. Tafadhali usiniambie mimi neno hilo. Mungu akitengeneza njia juu ya kosa langu, sifa ni yake, kosa linabaki langu. Nisingependa nijifiche nyuma ya Mungu, ni mahali pa kwanza tunapokimbilia sisi watu wa dini.

Nimeswali miaka miwili nikiomba msamaha kwa jambo hili, na kila nikiinua kichwa nilijua nimepanga foleni kwenye dirisha lisilo lenyewe. Mwenye dirisha alikuwa Sanyu, na wewe.

Wiki iliyopita nikamwambia mama yako. Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaondoa sahani yangu mbele yangu. "Baba Zai," akasema, "mimi nilikuwa nje nasukwa, wewe uko ndani umejua, na umelala karibu na mimi miaka miwili hukusema? Mwambie kabla hajapanda basi. Usipomwambia, nitamwambia mimi, na mimi nitaongeza chumvi."

Basi juzi nilikwenda Kansanga. Sikuvaa yunifomu. Madamu Prossy alinisikiliza, akakaa kwenye kiti cha wateja. "Yaani afande, miaka miwili nachungulia nyuma ya mlango kabla sijawasha taa, na ni hadithi?" Hakujua acheke au anifukuze. Akafanya yote mawili.

Sanyu hayuko tena dukani kwake, ana kibanda chake cha kutuma pesa kwa simu, mbele kidogo barabara hiyo hiyo ya Ggaba. Amekuwa mama, ana mtoto wa kike mgongoni. Nilimweleza nikiwa nimesimama, yeye anahudumia watu, kwa hiyo nilikuwa nakatizwa kila mara na kuanza tena, na pengine ndivyo nilivyostahili. Hakucheka. Nilipofika kwenye mwavuli alitabasamu kidogo tu, kisha akasema:

"Siku ya kwanjula yangu, nilipomtambulisha mume nyumbani, nilimwekea Zai kiti. Mama akaniambia nikiondoe, wageni wamesimama. Nikakataa. Kilikaa wazi mpaka wamemaliza kula."

Nikamwambia nitakuletea salamu zake.

"Salamu za kutumwa na polisi sitaki," akasema. "Namba yangu ni ile ile. Anipigie mwenyewe, au asipige. Lakini ajue sikumsema."

Hicho ndicho nilichokuja kukufikishia. Hakukusema. Hata siku moja.

Sitakuambia upige, wewe si mtoto tena. Huko uendako utakutana na watu watakaokuchongea kweli, na utakutana na wengine utakaodhani wamekuchongea. Kwa macho wanafanana kabisa. Mimi nimekuwa polisi tangu ujana na bado siwezi kuwatenganisha kwa kuwaangalia. Njia niliyoiona inafaa ni moja, kuuliza mtu mwenyewe, na kustahimili ile dakika kabla hajajibu. Ni dakika mbaya. Mimi niliikimbia, ikanilipisha miaka miwili, na ikakulipisha wewe rafiki.

Nataka ujue pia kwamba naandika haya nikiwa na moyo mwepesi, usije ukanisoma ukadhani nalia. Nimeona aibu, ndiyo. Lakini tangu juzi nalala. Mama yako amerudisha sahani. Kila nikikumbuka Madamu anasukuma kile kisu chini ya meza, nacheka peke yangu barabarani, watu wananipisha njia.

Niliandika barua hii nikiwa na mpango mwingine. Nilitaka kuificha katikati ya nguo zako, uikute ukishavuka mpaka wa Busia, mahali ambapo huwezi kunipigia kelele na simu yako ya huku imekata. Nilishafungua zipu ya begi. Halafu nikaona ni kitendo kile kile cha Alhamisi, kuzunguka nyuma ya mtoto wangu. Nikafunga zipu.

Kwa hiyo nitakupa mkononi. Basi ni asubuhi, na Kansanga si mbali, na Sanyu hufunga kibanda baada ya isha. Ukitaka kwenda, mimi nitakusindikiza, nitabaki ng'ambo ya barabara, sitasogea karibu. Ukitaka kunifokea kwanza, foka, hata kama kambi nzima itasikia. Wana haki ya kuisikia hadithi hii, ni wao walioingoja kila Jumamosi. Na usipotaka kusema nami kabisa, begi lako nitalibeba vile vile mpaka kituoni, nikitembea nyuma yako.

Nasikia mke wa Okello anakuambia kwaheri kwa mara ya nne. Unainama mlangoni sasa. Naweka kalamu, nasimama.

Baba yako